Hilux ya 1994: pedeli ya breki laini, masta silinda mpya, bado inazama. Naomba msaada

KarotiLushoto:
Habari za jioni wadau. Naomba wanaojua breki kweli wanisaidie, maana hapa ni roho za watu.

Nina Hilux LN106 ya mwaka 1994, dizeli, injini ya 3L. Inabeba karoti na kabichi kutoka Lushoto kushuka Mombo mara tatu kwa wiki, na dereva ni mdogo wangu. Wiki mbili zilizopita alikuwa anashuka na mzigo kamili. Alipoipita Soni akaona pedeli imeanza kuwa laini, kama anakanyaga sponji. Karibu na Mombo ikaenda mpaka chini kabisa. Akapampu mara tatu nne ikashika kidogo, akateremsha gia mpaka namba mbili, Mungu akamsaidia akafika tambarare. Gari ilipopumzika kama saa nzima, breki ikarudi.

Fundi akasema masta silinda, yaani pampu inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedeli, imekufa. Tukanunua mpya, akaifunga na kutoa upepo (hewa iliyonasa kwenye mafuta ya breki) magurudumu yote manne. Hali ni ileile. Mguu wa kwanza pedeli inapita nusu, mguu wa pili inapanda, ila hata ikiwa juu bado ina ulaini. Mafuta kwenye kichupa hayapungui na chini hakuna hata tone. Sasa naambiwa ninunue busta, kile kinachoongezea mguu nguvu. Kabla sijatoa hela nyingine nimeona niulize.

DerevaKitonga:
Pole sana dada, na mpe pole mdogo wako. Gari isishuke mlima mpaka breki ipone, hata ikiwa tupu. Nimepita Kitonga miaka mingi na magari makubwa, nimeona mwisho wa breki za "itafika tu".

Swali moja: alikuwa anashuka na gia namba ngapi?

KarotiLushoto:
Asante kaka. Nimemuuliza, anasema namba tatu, na namba nne sehemu zilizonyooka. Breki alikuwa anaigusa muda wote.

FundiDramu:
Dada, busta usinunue. Busta ikifa pedeli inakuwa ngumu, unakanyaga kama umeweka mguu kwenye jiwe na gari haisimami. Gari yako ni dizeli, upepo wa busta unavutwa na pampu ndogo iliyo nyuma ya oltaneta. Pampu hiyo ikichoka dalili ni ileile, ugumu. Yako ni laini, kwa hiyo tatizo liko upande wa mafuta, mipira na shuu, yaani vile vipande vinavyosugua dramu za nyuma.

Ila na pedeli "laini" nayo ina aina zake, na kila aina inakuonyesha pa kwenda. Watu wengi wanazichanganya, ndiyo maana masta silinda zinabadilishwa bure. Fanya hivi kesho asubuhi gari ikiwa imepoa, injini imezimwa.

Kwanza pampu mara nyingi mpaka nguvu ya busta iishe. Kisha kanyaga kwa nguvu ya wastani na ushikilie dakika nzima bila kuachia. Kama pedeli inazama polepole chini ya mguu na hakuna mahali panapovuja, mafuta yanapita pembeni ya mipira ndani ya masta. Kama imesimama palepale, masta haina kosa.

Pili, achia ikae kidogo, halafu kanyaga mara moja na uangalie imefika wapi. Kanyaga tena harakaharaka mara mbili. Ikiwa mguu wa pili inasimama juu na ngumu, kuna nafasi kubwa mahali fulani: shuu ziko mbali na dramu, au beringi ya gurudumu la mbele imelegea, diski inacheza na kuzirudisha pedi nyuma. Ikiwa inapanda lakini inabonyea kama mpira wa miguu, humo ndani kuna upepo.

Tatu, ukiwa bado umekanyaga, washa gari. Pedeli itashuka kidogo. Hiyo ni kawaida, ni busta inaanza kazi. Wapo wanaoshtuka hapo na kudhani ndiyo ugonjwa.

Leta majibu hapa.

MakanikaMvita:
Fundi amenena vyema. Mimi niko Mombasa, nitaongeza kidogo.

Dada yangu, tazama hosi za mpira. Gari ya 1994, kama hosi ni zile ilizotoka nazo kiwandani, zimekwisha umri. Kwa nje utaziona nzima lakini ukikanyaga zinafura kama puto, na ile nguvu yako inaishia kupanua mpira badala ya kusukuma pistoni. Mtu mmoja akanyage kwa nguvu, mwingine ashike hosi kwa mkono. Ukiihisi inavimba kiganjani, itoe.

Pia muulize fundi kama kalipa za mbele, zile zinazobana pedi kwenye diski, zilipata kufunguliwa. Zikibadilishwa pande, ya kulia ikaenda kushoto, nipeli, kale katundu ka kutolea upepo, inageukia chini. Upepo hukaa juu siku zote. Hapo utatoa upepo mpaka magharibi na hautatoka.

MpakaChalinze:
Mimi kwangu niliweka mafuta mazito ya haidroliki kwenye kichupa cha breki, pedeli ikawa ngumu safi. Jaribu na wewe mkuu.

FundiDramu:
Hapana, hapana. Ndugu yangu, nakuomba kwa heshima utoe hayo mafuta leo. Mipira ya breki ya gari hizi imetengenezwa kwa mafuta ya breki tu, DOT 3 au DOT 4. Ikiguswa na haidroliki, ATF (mafuta ya gia otomatiki) au oili ya injini inavimba na kuwa kama ulimi wa ng'ombe. Pedeli uliyoiona ngumu ni mipira imevimba ndani ya silinda. Mwanzo itakaza. Baadaye gari itaanza kujishika yenyewe, magurudumu yatachemka, kisha mipira itachanika siku moja na utabaki bila kitu.

Na kumwaga peke yake haitoshi. Ukishachanganya, mipira yote inabadilishwa: masta, wili silinda (zinazosukuma shuu ndani ya dramu), kalipa na hosi, na paipu za chuma zisafishwe. Ni gharama, najua. Nilishawahi kufungua gari ya namna hiyo na mmiliki wake alikuwa mzee wa familia yenye watoto sita. Usingoje.

MpakaChalinze:
Nimekuelewa fundi. Sikujua. Gari haitoki tena, Jumatatu naipeleka.

MhandisiKijana:
Shikamooni wakubwa. Naomba nieleze ile sehemu ya breki kufa karibu na Mombo kisha kurudi baada ya saa moja, maana naona imepitwa.

Mafuta ya breki yanavuta unyevu wa hewa. DOT 3 mpya inachemka kwenye nyuzi joto 205 au zaidi. Ikishakunywa maji ya kiasi cha asilimia 3.7, kiwango kinachokubalika kinashuka hadi 140. Kwa DOT 4 ni 230 ikiwa mpya na 155 ikiwa na maji. Mafuta yakichemka kwenye kalipa au wili silinda yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea. Mguu unakandamiza mvuke, pedi haisogei. Gari ikipoa mvuke unarudi kuwa maji, na pedeli inarudi. Ndicho kilichotokea.

Piga hesabu na mlima wenyewe. Kutoka Lushoto hadi Mombo unashuka karibu mita 1,000 ndani ya kilomita 33 hivi. Gari na mzigo tuseme tani 2.5. Ukiishusha yote kwa breki, joto linalozalishwa linatosha kuchemsha zaidi ya lita 70 za maji ya bomba. Joto hilo lote linaingia kwenye diski mbili na dramu mbili. Injini ikibeba sehemu kubwa kwa gia ndogo, breki zinapumua.

Dada, mafuta yaliyokuwa ndani yalikuwa na rangi gani?

KarotiLushoto:
Marahaba mdogo wangu, na asante kwa hesabu, nimeisoma mara mbili. Mafuta yalikuwa meusi kama chai ya rangi iliyolala. Sikumbuki kama yaliwahi kubadilishwa, tulikuwa tunaongezea tu.

Majibu ya vipimo, tumefanya leo asubuhi na mdogo wangu:
Tumeshikilia dakika nzima, haikuzama.
Mguu wa kwanza inapita nusu, wa pili na wa tatu inapanda, ila ikiwa juu inabonyea.
Tukiwasha gari inashuka kidogo.
Hosi za mbele hazivimbi. Ya nyuma, ile inayoshuka kwenye difu, naona ina vinyufa lakini sikuhisi ikivimba.
Kalipa hazijawahi kufunguliwa. Nipeli ziko juu.

FundiDramu:
Umefanya vizuri kuliko mafundi wengi. Masta haina kosa. Ya zamani sijui, hatuwezi kujua tena, ila hii mpya inashika. Una mambo mawili kwa pamoja: nafasi kubwa mahali fulani, na upepo mahali fulani. Nadhani yote yako nyuma.

Niambie mambo mawili. Hendibreki mnaitumia? Na gari imeongezwa plati za springi nyuma?

KarotiLushoto:
Fundi umejuaje? Hendibreki haifanyi kazi miaka kama minne, ukivuta ile fimbo chini ya dashibodi inatoka yote na gari inatembea. Tunaweka jiwe. Plati tumeongeza mbili kila upande kwa ajili ya mzigo.

FundiDramu:
Basi tumefika. Someni wote wenye Hilux za umri huu, maana nimekutana na hili mara nyingi mno.

Kwenye hizi gari shuu za nyuma zinajikaza zenyewe kadiri zinavyolika, lakini kinachozikaza ni hendibreki. Kila ukivuta hendibreki, ule mkono ndani ya dramu unasukuma nyota, kile kigurudumu cha meno kinachosogeza shuu, jino moja kama kuna nafasi, unasikia "tik". Kwa hiyo asiyevuta hendibreki hakazi breki zake za nyuma. Shuu zinalika, zinazidi kuwa mbali na dramu, mguu wa kwanza unaishia kuzisogeza tu na wa pili ndio unashika.

Mbona hendibreki ilikufa? Nyuma ya bamba la breki, kila gurudumu, kuna kidude chenye umbo la herufi L. Kebo inakivuta, nacho kinageuza mvuto kuingia ndani ya dramu. Kina kimfuniko cha mpira. Kimfuniko kikichanika, tope la Usambara linaingia, kinashika kutu na kuganda. Watu wanakaza kebo, wanakaza tena, wanakata tamaa, wanatafuta jiwe.

Kazi yako ni hii. Fungua dramu zote mbili. Toa vile vidude vya L, vipige brashi ya waya, vioshe, vipake grisi, vivishe mipira mipya, vicheze kwa mkono bila kusukumwa. Kagua wili silinda: inua kimpira cha vumbi pembeni, ukikuta unyevu ndani imeanza kuvuja hata kama chini hakuna tone. Nyota zisibadilishane pande, maana uzi wa kushoto na wa kulia unakwenda kinyume. Ukikosea, badala ya kukaza zinalegeza. Kisha kaza nyota kwa bisibisi kupitia tundu la nyuma ya bamba mpaka shuu ziguse dramu, rudisha meno machache gurudumu lizunguke na msuguano mdogo tu. Dramu ikishafungwa, vuta na kuachia hendibreki mpaka ile "tik" isisikike tena.

Hiyo ni nafasi. Kuhusu upepo, juu ya difu kwenye chesisi kuna valvu ya mzigo, ina fimbo ndefu inayokwenda kwenye difu. Inapima jinsi gari ilivyokaa. Ikiwa na mzigo inaruhusu nguvu nyingi kwenda breki za nyuma, ikiwa tupu inapunguza ili magurudumu ya nyuma yasikwame na gari ikazunguka. Valvu hiyo ina nipeli yake ya upepo. Fundi akisema "nimetoa upepo magurudumu yote manne", mimi nauliza: na ya tano?

DerevaKitonga:
Hii ya tano hata mimi sikuijua. Asante fundi.

MakanikaMvita:
Hapo kwa plati pana jambo. Ukiongeza plati, mwili wa gari unanyanyuka. Ile fimbo inaona gari iko juu, valvu inadhani hakuna mzigo na inabana breki ya nyuma wakati umebeba gari tele. Ndipo mbele pakafanya kazi ya wanne, pakachemka. Ile fimbo ina mahali pa kurekebisha, au kile kishikizo chake kwenye difu kinyanyuliwe kwa kadiri gari ilivyonyanyuka. Isiachwe.

Na hosi ya nyuma yenye nyufa badilisha wakati uo huo. Usiibane kwa koleo kupima, hosi iliyokauka ukiibana inapasukia ndani.

FundiDramu:
Kweli kabisa, na kwenye fimbo nilikuwa naelekea huko. Asante kaka wa Mvita.

Kutoa upepo kuna adabu yake pia. Mafuta yote yatoke, yaingie mapya, lita moja kutoka kopo lililofungwa. Kopo lililokaa wazi dukani mwezi mzima limeshakunywa maji. Kwa usukani wa kulia, masta iko kulia mbele, kwa hiyo gurudumu la mbali ni la nyuma kushoto. Anza hapo, nyuma kulia, kisha mbele kushoto, mbele kulia, na valvu ya mzigo usiisahau. Weka paipu laini inayoonyesha kwenye nipeli, ncha nyingine izame kwenye chupa yenye mafuta ya breki. Wa ndani anakanyaga taratibu na kushikilia, anasema "nimeshika". Wa chini anafungua, mafuta yanatoka, anafunga, anasema "achia". Asiachie kabla ya kuambiwa. Kichupa cha juu kisikauke hata mara moja, kikikauka mnaanza upya.

Na chini ya pedeli weka kipande cha mbao isifike mwisho kabisa. Masta iliyozoea ina sehemu ndani ambayo mpira haukuwahi kufika kwa miaka, imeota kutu. Ukikanyaga mpaka sakafuni mpira unapita juu ya kutu na kuchanika. Masta nyingi zinauawa siku ya kutoa upepo. Yako ni mpya, lakini jizoezeni.

KarotiLushoto:
Mungu awabariki. Nachapisha haya nampa fundi wetu, ni mtu msikivu. Nitarudi.

MhandisiKijana:
Dada, mafuta mapya yasimwagikie rangi ya gari, yanaibabua. Na yakigusa shuu au pedi, usizifute ukazirudisha, badilisha.

KarotiLushoto:
Nimerudi, siku tisa zimepita. Samahani kwa kimya, vipuri ilibidi viagizwe Dar, Gerezani.

Tulichokikuta. Vidude vya L vyote viwili vimeganda, cha kushoto kilitolewa kwa nyundo na mafuta ya kulegeza, kimelala usiku mzima kwenye ndoo ya dizeli. Nyota ya kulia ilikuwa haijasogea kabisa. Shuu zilibaki bado nene upande mmoja, yaani za nyuma zilikuwa hazifanyi kazi inavyotakiwa, wakati pedi za mbele zimelika karibu na bati na diski zimekuwa na rangi ya bluu. Wili silinda ya kulia, tulipoinua kimpira, ilikuwa na unyevu. Tumebadilisha zote mbili, shuu, pedi na hosi ya nyuma.

Kwenye upepo, magurudumu yote yalitoa mafuta safi bila mapovu. Tukaenda kwenye valvu ya mzigo. Fundi wetu alikuwa haamini. Nipeli ilikuwa imeziba kwa udongo, alipoifungua ikatoa povu jeupe, likatoka na kutoka, mdogo wangu ndani anauliza "bado?" Tumeona kwa macho yetu. Baada ya hapo pedeli ikasimama juu, mguu wa kwanza, ngumu. Nilikaa mwenyewe nikakanyaga, machozi yakanitoka. Ninajua nilikuwa nampeleka mtoto wa mama yangu wapi.

Fimbo ya valvu tumeirekebisha. Tulipima umbali wa chesisi na difu kwenye Hilux ya jirani ambayo haijaongezwa plati, tukanyanyua kishikizo kwa ile tofauti.

FundiDramu:
Alhamdulillah. Diski zikishakuwa na rangi ya bluu zikague vizuri kama zina nyufa. Ukiona ufa unaofika ukingoni usizitumie.

KarotiLushoto:
Tumezikagua, hazina ufa. Zimechongwa kidogo zikanyooka, na fundi alipima unene, zinaruhusu.

DerevaKitonga:
Hongera dada. Sasa tumalizie kwa dereva. Mwambie mdogo wangu achague gia akiwa bado juu Lushoto, kabla mteremko haujaanza. Gia ambayo gari ingepandia hapo ikiwa na mzigo, hiyohiyo ishukie. Kwa mzigo wenu ni namba mbili, na tatu sehemu chache. Breki asiiguse muda wote. Aiache gari ishike kasi kidogo, akanyage kwa nguvu ipungue, aachie kabisa ipoe, hivyo hivyo mpaka chini. Na akifika Soni asimame dakika kumi. Asimwage maji kwenye magurudumu, diski ya moto ikipata maji baridi inapinda.

KarotiLushoto:
Amesoma mwenyewe, yuko hapa pembeni yangu. Jana ameshuka na magunia kumi na mawili kwa namba mbili. Ametumia muda mrefu zaidi, wa nyuma walimpigia honi, akawapisha kila alipopata nafasi. Mombo pedeli ilikuwa palepale ilipokuwa Lushoto.

FundiDramu:
Na hendibreki?

KarotiLushoto:
Inashika kabla fimbo haijafika nusu. Amesimama nayo kwenye mteremko wa pale sokoni, gari na mzigo wake wote, bila jiwe.

FundiDramu:
Avute kila anaposimama, hata tambarare. Baada ya miezi mitatu mfungue dramu mwangalie kama vile vidude bado vinacheza kwa mkono, msimu wa mvua hasa.